Nyota, Saba, Mbili

Harlow Springs, Alabama
2 Machi 2009

Mwanangu Meech,

Barua yako ya Februari imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kama kawaida yao. Huyo anayesoma barua zetu huko gerezani, msalimie. Natumaini anafurahi.

Habari kubwa unaijua, lakini acha niiandike nami nifaidi. Bodi ya parole imekubali utoke kabla kifungo hakijaisha! Kilichobaki ni afisa wao, Bi. Tolliver, kupiga simu hapa nyumbani na kusikia kwa masikio yake kwamba nitakupokea. Siku hawataji. Kwa hiyo siendi popote ila kanisani. Chumba cha marehemu mume wangu Hosea nimekitoa makorokoro yote, nikafua mapazia. Binamu yako Terrance alikuja kukinusa akitaka kukipanga. Nimemwambia kina mwenyewe.

Akaunti ya simu nimeijaza. Binti wa kampuni alinielekeza taratibu, utadhani nimezaliwa jana. Anasema pesa zimefungwa kwenye namba ya simu ya nyumba hii, hazikufungwa kwenye jina lako. Simu yoyote ikitoka Cutler Bend kuja hapa, ikabonyezwa moja kukubaliwa, wanakata pesa. Nimemwambia asante, nimeelewa, mimi nimepikia shule nzima miaka na miaka na hakuna mtoto aliyelala njaa.

Na zile sekunde chache za kutaja jina lako, endelea nazo. Mashine ikisema "una simu kutoka kwa," wewe badala ya jina ukachomeka "nimekula," mimi nakata, nalala kwa amani, na kampuni haipati hata senti. Jumapili ndiyo tutaongea.

Dada Ollie Mae alileta pai ya viazi vitamu kwenye mlo wa kanisa, kaihamishia na trei yake ya dukani kwenye sahani yake mwenyewe aonekane kapika. Kasahau kubandua bei chini. Mchungaji ndiye aliyeiona.

Shangazi yako,
Verdell Crenshaw (Bi.)
118 Barabara ya Persimmon
Simu 205-555-0143


Gereza la Cutler Bend
8 Machi 2009

Shangazi mpendwa,

Nimecheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Kwenye kitanda cha jirani yuko jamaa anaitwa Skeet. Huyu hapati barua, wala ya mama yake. Akaniomba asome yako, nikampa, na sasa anataka kujua Ollie Mae alijitetea vipi. Anasema barua zako ni bora kuliko televisheni ya huku, ambayo haina sauti.

Mimi mzima. Niko kwenye kufulia, kazi si mbaya, joto tu. Nakaa mbali na ugomvi kama ulivyoniagiza. Mwenye parole mezani anatembea kama mtu aliyebeba mayai.

Tafadhali usiwe mbali na simu. Huyo Bi. Tolliver akipiga mara moja asipate mtu, sijui kama atarudia.

Wako,
Demetric


Harlow Springs
25 Machi 2009

Mwanangu Meech,

Kwanza, mguu unaendeleaje? Sitasema zaidi, najua barua zinasomwa. Nijibu tu kwamba unapona.

Pili, Jumapili mbili hukupiga. Nilikaa na kofia yangu ya kanisani kichwani mpaka jioni. Na hata "nimekula" sijaisikia. Labda ni huo mguu, basi sikulaumu.

Ila akaunti inashuka. Nimepiga kampuni, binti akasema simu kutoka Cutler Bend zinakuja kwenye namba yangu na zinakubaliwa, nyingine ndefu. Nikamwambia hapa sijabonyeza kitu. Akasema mashine haidanganyi. Ana maana mimi ndiye naidanganya mashine! Meech, kama kuna mwanamke unampigia kwa ujanja wowote, niambie tu. Mimi si mtoto.

Simu nayo imepata kwikwi. Inalia kidogo, nusu mlio, halafu kimya. Nikiinua nasikia mlio wa kawaida wa kupiga. Nikipiga kwa watu inakwenda vizuri, kwa hiyo nimeiacha. Terrance anasema ni uzee. Sijui alimaanisha simu au mimi.

Bi. Tolliver bado. Ollie Mae Jumapili alinipita mlangoni kama anapita mti. Nadhani kasikia nimesimulia ile bei.

Shangazi yako,
Verdell Crenshaw (Bi.)
118 Barabara ya Persimmon
Simu 205-555-0143


Gereza la Cutler Bend
27 Machi 2009

Shangazi mpendwa,

Sijapata barua yako wiki hizi, kwa hiyo naandika mimi.

Siku za kawaida napiga na kusema "nimekula," mashine inaniambia simu yako imekataliwa. Sawa, ndiyo mpango wetu. Lakini Jumapili iliyopita nilitaja jina langu vizuri, kamili, na mashine ikasema imekataliwa. Na iliyotangulia vilevile. Nilirudia nikidhani umebonyeza vibaya. Ikakataliwa tena kabla sijamaliza kupumua.

Sijui nimekosa nini. Kama pesa zimekuwa ngumu, sema, tutaandikiana tu. Kama Terrance amepata kile chumba, pia sema. Mtu anaweza kubadili nia. Ila niisikie kwako, nisiisikie kwenye mashine.

Demetric


Gereza la Cutler Bend
10 Aprili 2009

Shangazi,

Mguu gani? Miguu yangu yote miwili mizima, inanifikisha kwenye simu kila Jumapili kukataliwa.

Barua yako ya Machi imekuja siku moja na ya bodi, mlinzi akanipa zote mkononi. Nimesoma yako kwanza. Bora ningeanza na yao. Wanasema Bi. Tolliver alipiga nyumbani. Wameandika hivi, naikopi neno kwa neno: "Mwanamke aliyepokea simu alisema hamjui mtu huyo na akaomba asipigiwe tena." Makazi hayajathibitishwa. Nimepewa mpaka tarehe 15 Mei kutoa anwani nyingine, la sivyo faili linarudi kabatini mpaka mwakani.

Anwani nyingine sina. Wewe unajua kwamba sina.

Sikuombi unipokee. Nyumba ni yako. Lakini ungeniambia mimi, Shangazi. Kumwambia mgeni kwamba hunijui, halafu kuniandikia habari za mguu na mwanamke na kwikwi za simu, hapo umeniumiza na siwezi kuficha.

Demetric Mabry


Harlow Springs
17 Aprili 2009

Demetric,

Keti usome. Na wewe msomaji wa gereza, nawe keti, maana leo siwezi kuficha kitu.

Mimi sijaongea na Bi. Tolliver yeyote. Sijakataa simu yako hata moja. Nilikupeleka ubatizwe, nikakulea, nikakufuata mahakamani na viatu vya kuazima, leo nimwambie mtu sikujui? Ningekuwa karibu ningekuchapa kofi kwanza, halafu ndiyo tuongee.

Mtu mwongo yumo kati yetu na nimekaa siku tatu kumtafuta. Nimekumbuka jambo moja tu ambalo sikukuambia, na nilinyamaza kwa sababu niliombwa.

Katikati ya Machi, Jumatano moja, nilikuwa naosha sukuma wiki. Simu ikalia. Mashine ikasema una simu kutoka kwa, na pale pa jina pakasikika sauti ya haraka, "Meech kaumia." Nikabonyeza moja na mikono ikiwa na maji. Mwanamume mpole akasema yeye ni msaidizi wa kasisi wa gereza, wewe umeteleza pale kwenye kufulia, mguu umevunjika, uko zahanati. Akasema wauguzi hawawezi kuongea kwenye simu za wafungwa, lakini nikikata, nikabonyeza nyota, saba, mbili, kisha namba atakayonipa, wataniunganisha. Niliiandika nyuma ya bahasha. Nikabonyeza kama alivyosema. Akapokea mwanamke, akasema, "Subiri, mama," halafu ukimya. Nikadhani wauguzi wana kazi nyingi.

Yule mtu alinisihi nisiandike habari hiyo, barua zinasomwa, atafukuzwa kazi kwa kunisaidia. Nikanyamaza. Nilidhani namlinda mtu mwema. Ndiyo maana nilikuuliza mguu kwa kuzungukazunguka.

Na usiniambie ningemshuku. Alikuita Meech. Nani mwingine duniani anakuita Meech isipokuwa mimi? Wengine wote wamelala makaburini.

Nimekwenda kwa Ollie Mae mlangoni kumuuliza kulikoni. Alinifungulia nusu mlango. Anasema alinipigia mara mbili, akapokea mwanamke akamtukana matusi ambayo hajayasikia tangu mumewe alipoacha pombe. Alidhani ni mimi! Nikamuuliza, Ollie Mae, sauti yangu huijui? Akasema alidhani nina mafua.

Sasa nieleze wewe uliye huko. Nini kimeingia kwenye simu yangu?

Verdell


Gereza la Cutler Bend
24 Aprili 2009

Shangazi wangu,

Nisamehe. Nimeisoma barua yako nimesimama, sikukaa kama ulivyosema, na nikarudi nyuma mpaka nikagonga ukuta.

Kabla hujasoma neno jingine, nenda kwenye simu. Bonyeza nyota, saba, tatu. Sikiliza mpaka itoe milio miwili mifupi, kisha weka chini. Halafu rudi usome.

Nyota saba mbili inaiambia kampuni ya simu: kila atakayepiga hapa, mpelekeni kwenye ile namba nyingine. Uliihamisha simu ya nyumba nzima, Shangazi. Mimi, Ollie Mae, Bi. Tolliver, wote tulikuwa tunalia mfukoni kwa mwanamke mmoja wa mji wa Mobile. Kwikwi uliyoisikia ni simu ikipita kwako kwenda kwake. Mtu wake yuko humu ndani. Anampigia kupitia namba yako, anabonyeza moja, na pesa zinakatwa kwako. Mimi nikipiga anasikia jina silo, anakata. Huo ni ujanja wa zamani, kila mfungwa anaujua. Sikuwahi kukuonya kwa sababu sikufikiri namba yako itatoka mkononi mwangu.

Na ilitoka mkononi mwangu. Ni Skeet. Jina la Meech alilipata kwenye barua zako, na namba pia; kwamba niko kufulia anaona mwenyewe. Wewe huweka jina, nyumba na simu chini ya kila barua, kama katibu wa kanisa, na mimi nikampa azisome kwa sababu nilimwonea huruma. Nilimfuata jana. Hakukana. Alisema mwanamke wake ana mtoto mchanga, hawezi kulipia simu. Ngumi nilikuwa nimeshaikunja. Nikakumbuka mayai niliyobeba, nikaiweka mfukoni. Ukitaka kujua jambo gumu nililofanya humu ndani, ni hilo.

Sasa yafuatayo tushike wote. Usiandike tena namba wala anwani kwenye barua. Badilisha neno la siri la akaunti, na usilitaje kwa yeyote, hata kwangu. Mtu akikupigia akakuuliza mambo yako, hata akisema anatoka kampuni, gereza au mbinguni, kata. Na usibonyeze kitu ulichoambiwa na sauti.

"Nimekula" tuiache, foleni nzima ya simu inaisikia kila siku. Nitakapopiga, pale pa jina nitasema kile alichosema Mzee Hosea siku mbwa alipoingia kanisani. Unakikumbuka. Usikiandike. Usipokisikia, si mimi.

Nimemsihi mshauri wa gereza amwombe Bi. Tolliver apige tena. Hajaahidi.

Wako,
Meech


Harlow Springs
2 Mei 2009

Mwanangu Meech,

Nimebonyeza. Milio miwili, kama ulivyosema. Nilikaa pale nikiitazama simu, na hasira niliyokuwa nayo ingeweza kuchemsha maji. Nyumba niliyolipia na Hosea tofali kwa tofali, na mtu kanitoa humo huku nimekaa kitini.

Dakika chache baadaye ikalia. Mlio mzima, wa kushiba. Ollie Mae, akijaribu. Alianza na, "Nani mwenzangu?" Nikamwambia ni yule mwenye mafua. Tumeongea mpaka sikio likaniuma.

Neno la siri nimebadilisha. Nimewaambia kampuni wafunge mlango wa nyota saba mbili kabisa kwenye laini hii, wamefunga. Kumbe ulikuwepo ufunguo na hakuna aliyeniambia.

Sasa usikie nilivyojifunza. Jana asubuhi kapiga mwanamke. Sauti laini, ya ofisini. Ati ni Bi. Tolliver wa parole. Nikasema, ehe. Akaanza: jina langu kamili, tarehe ya kuzaliwa, nani wanalala humu, nina silaha, mlango wa nyuma unafungwa vipi. Mlango wa nyuma, Meech! Hapo nikajua. Jina la Tolliver mimi mwenyewe nililiandika kwenye barua ya Machi, na Skeet aliisoma. Nikamwambia nilizaliwa siku moja na Farao na ninalala na mamba, na asipige tena. Nikakata.

Ungejivunia.

Shangazi yako,
Verdell


Gereza la Cutler Bend
8 Mei 2009

Shangazi,

Najivunia. Sasa keti usome.

Yule alikuwa Bi. Tolliver mwenyewe. Mshauri ameniita leo, akanisomea alichoandika: nyumba imekataa mara ya pili, na aliyepokea ametaja mamba. Mshauri aliniuliza kama shangazi yangu ana matatizo ya akili. Nikasema hapana, ana matatizo ya mpwa wake.

Hukukosea. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi ndiye niliyekuambia ukate. Ila nilikufundisha nusu. Kukata ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni kupiga mwenyewe, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe.

Namba ya ofisi yake sikuandikii, usije ukaiamini kwa kuwa imetoka kwangu. Barua hii imepita mikono mingi. Chukua kitabu cha simu cha jimbo, kipo maktaba, tafuta bodi ya parole, piga, ulizia Bi. Tolliver. Tarehe 15 ni Ijumaa. Kupiga siwezi, simu za wafungwa zimefungwa tangu mwanzo wa mwezi mpaka tarehe 16, na sijui barua hii itakufikia siku gani. Nimeibandika stempu mbili kana kwamba hiyo itaisaidia kukimbia.

Skeet ameuliza kama Dada Ollie Mae alikusamehe. Nikamgeuzia mgongo, nikaendelea kuandika.

Wako,
Meech


Harlow Springs
18 Mei 2009

Mwanangu Meech,

Barua yako ilifika Alhamisi, tarehe 14, saa ambayo maktaba inakaribia kufungwa. Ollie Mae alinipeleka kwa gari lake, na wewe unajua anavyoendesha. Tumepita taa moja nyekundu. Nimeshatubu kwa niaba yake.

Kitabu cha simu nilikisoma mwenyewe kwa kioo cha kukuzia. Nikapiga kutoka kwenye simu ya maktaba pale pale, kwa sababu sikutaka kungoja nifike nyumbani. Akapokea kijana. Nikasema namtaka Bi. Tolliver. Akaja kwenye simu, ile ile sauti laini. Nilijua hapo hapo ni yeye, na nikaona aibu mpaka kwenye kisigino, lakini nikasema nilichokuja kusema.

"Mimi ni Verdell Crenshaw, ninayelala na mamba. Demetric Mabry ni mtoto wangu. Chumba chake kiko tayari na mapazia yamefuliwa."

Kisha nikamweleza yote, nyota saba mbili, mwanamke wa Mobile, Skeet, yote. Nilitegemea anikatie. Akaniuliza kwa nini nimeamua kupiga mimi. Nikamwambia kwa sababu namba uliyoitafuta mwenyewe haikupeleki kwa mwizi. Akasema, "Bi. Crenshaw, ninapiga nyumba za watu kila siku, na wengi hunipa tarehe zao za kuzaliwa kabla sijamaliza kujitambulisha. Wewe wa kwanza kunikatia, na wa kwanza kunipigia." Halafu akauliza maswali yake upya, moja moja, na mimi nikayajibu, hata la mlango wa nyuma. Unafungwa kwa komeo, nikamwambia, na komeo ni imara.

Alisema anaandika "imethibitishwa." Nilimwomba alisome neno hilo kwa sauti. Akalisoma. Ollie Mae alikuwa amebandika sikio lake kwenye langu na ndiye aliyelia kwanza. Mimi nilifuata, mbele ya mkutubi, na sikujali.

Wewe utakuwa umeshaambiwa tarehe. Ollie Mae anataka kuja kukuchukua na lile gari lake. Nimesema tutaona.

Mwambie Skeet nimesamehewa na Ollie Mae. Haki yake si hiyo, ila hadithi ikikatwa katikati inamuuma hata mwizi. Barua zangu asizione tena. Na yule mtoto mchanga wa Mobile, Mungu amlinde, hakubonyeza kitu.

Jana Jumapili simu ililia. Nilikuwa na kofia kichwani. Mashine ikasema una simu kutoka kwa, nikashika pumzi, na ndipo ukasema yale maneno ya Hosea, kwa sauti yake kabisa, hata kikohozi chake cha mwanzo. Nilicheka nikaangusha simu, karibu wakate. Nikabonyeza moja.

Ulichosema sikiandiki hapa. Msomaji wa gereza anisamehe, amevumilia mengi.

Anwani pia siandiki. Unajua nyumba ilipo.

Shangazi yako